Habari za Hieronymus, Mzee Aliyekubali Kuwa Mwanafunzi

Wazee wetu husema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Neno hili ni la kweli, nao wazazi hulishika katika malezi ya watoto wao. Walakini wako watu wazima waligeuzao kuwa kificho cha uvivu. Mtu akiisha kupata kazi na nyumba na watoto, na mvi mbili tatu kichwani, hujiambia kwamba siku zake za kusoma zimekwisha, na sasa imebaki kuwafundisha wengine tu. Vitabu vyake hulala kabatini na kushika vumbi, na yale aliyoyapata ujanani huyatumia mwaka hata mwaka, kama mtu alaye akiba pasipo kulima tena. Mwili wake haujazeeka bado, lakini akili yake imekwisha kupinda mgongo.

Kwa ajili ya hao, na kwa ajili yetu sote, twapenda kusimulia habari za mtu mmoja wa kanisa la kale, jina lake Hieronymus, ambaye wengine humwita Yeronimo. Yeye ndiye aliyeifasiri Biblia kwa Kilatini, nayo kazi yake ilisomwa katika makanisa ya Ulaya ya magharibi kwa muda wa zaidi ya miaka elfu. Watu wengi wamjua kwa ajili ya kitabu hicho. Sisi twataka msomaji amjue kwa jambo lingine pia, yaani jinsi alivyozidi kuketi mbele ya waalimu hata siku za mvi zake.

Alizaliwa yapata mwaka 347 katika mji mdogo wa Stridon, mpakani mwa nchi za Dalmatia na Pannonia, upande wa mashariki wa Italia. Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye mali. Wakampeleka Roma angali kijana, akasoma kwa Donatus, mwalimu wa sarufi aliyekuwa mashuhuri sana siku zile. Huko alijifunza Kilatini kizuri cha waandishi wa kale, akakusanya vitabu vingi, na vingine akavinakili kwa mkono wake mwenyewe. Tena alibatizwa huko Roma. Kama angalikoma hapo, angalihesabiwa kuwa mtu mwenye elimu ya kutosha, wala hapana ambaye angalimlaumu.

Lakini hakukoma. Yapata mwaka 374 alifika Antiokia katika nchi ya Shamu, na baadaye akatoka mjini akaenda kukaa katika jangwa la Chalcis, pamoja na watawa walioishi huko kwa kufunga na kuomba. Alidhani ya kuwa jangwani atapata utulivu. Mwili wake ulidhoofika kwa kufunga, lakini mawazo yake hayakutulia, kwani kumbukumbu za anasa za Roma zilimfuata hata pangoni. Basi akatafuta kazi ngumu ya kuyafunga mawazo yake, akaenda kwa ndugu mmoja Myahudi aliyekuwa ameamini, akamwomba amfundishe Kiebrania.

Msomaji na afikiri jambo hilo. Huyu alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, ambaye ulimi wake ulizoea maneno laini ya Kilatini. Sasa alianza upya kama mtoto, akijifunza herufi moja moja na kutamka sauti za kooni alizoziona kuwa za kukwaruza. Yeye mwenyewe aliandika baadaye ni taabu gani aliyoipata, ni mara ngapi alikata tamaa akaacha, na ni mara ngapi akarudi akaanza tena kwa hamu ya kujua. Akashuhudia kwamba mbegu ile ilikuwa chungu, lakini matunda yake yalikuwa matamu. Hatusikii katika habari hizo kwamba alikuwa na akili ya ajabu. Twasikia tu kwamba kila alipoacha alirudi tena.

Alipotoka jangwani alifanywa kasisi huko Antiokia. Kisha akaenda Konstantinopoli, akasikiliza mafundisho ya Gregorius wa Nazianzus, akamheshimu kama mwalimu wake katika Maandiko. Mwaka 382 akarudi Roma, naye askofu wa Roma, Damasus, akamfanya mwandishi wake, akamwagiza azisahihishe Injili za Kilatini. Kwa maana siku zile nakala za Kilatini zilikuwa nyingi, nazo hazikupatana. Hieronymus akazilinganisha na maandiko ya Kiyunani, akaitimiza kazi ya Injili nne mwaka 384. Watu wengine wakanung'unika, wakamwita mharibifu wa maneno matakatifu. Damasus alipokufa mwishoni mwa mwaka huo, Hieronymus alikosa mtetezi, akaondoka Roma mwaka 385 asirudi tena.

Sasa twafika mahali tunapopapenda kuliko pengine katika maisha yake. Alikuwa karibu na miaka arobaini, na nywele zake zilikwisha kuchanganyika na mvi. Alikuwa ameandika vitabu, jina lake limejulikana mashariki na magharibi. Kwa desturi ya watu, mtu wa namna hiyo hukaa kitini na wengine humjia. Lakini yeye alisafiri mpaka Misri, akafika Iskanderia, akakaa karibu mwezi mzima akimsikiliza mwalimu Didymus na kumwuliza mambo yaliyomshinda katika Maandiko. Na huyo Didymus alikuwa kipofu tangu utoto wake. Husimuliwa kwamba alijifunza herufi kwa kuzipapasa zilizochongwa katika mbao, na mambo mengine yote aliyapata kwa kusikia na kukumbuka, hata akawa mkuu wa waalimu wa mji ule. Basi mwenye macho aliketi mbele ya asiye na macho ili aonyeshwe njia. Hieronymus mwenyewe aliandika kwamba kichwa chake wakati ule kilimfaa mwalimu kuliko mwanafunzi, walakini alikwenda.

Mwaka 386 akakaa Bethlehemu pamoja na Paula, mama mmoja mjane wa ukoo mkubwa wa Roma, na binti yake Eustochium. Kwa mali ya Paula zikajengwa nyumba za watawa, za wanaume na za wanawake, na nyumba ya kuwapokea wageni. Watu wakadhani ya kuwa sasa Hieronymus amemaliza kujifunza. Kumbe alikuwa akitafuta mwalimu mwingine! Akampata Myahudi aitwaye Baraninas, akamlipa fedha nyingi, naye akamfundisha usiku. Baraninas aliogopa kuja mchana, maana ndugu zake Wayahudi wangalimchukia kwa kuwafunulia Wakristo maarifa yao, ndipo Hieronymus akamfananisha na Nikodemo. Nao Wakristo hawakupendezwa. Rufinus, aliyekuwa rafiki yake tangu ujana, alimdhihaki kwa habari ya mwalimu huyo, akaligeuza jina lake kwa mzaha kuwa Baraba. Basi katika chumba kile, kwa nuru ya taa, walikutana watu wawili waliolaumiwa kila mmoja na watu wa kwao, nao wakasoma.

Alipokitaka kitabu cha Ayubu, akamwajiri mwalimu kutoka mji wa Lida, aliyesifiwa kuwa mjuzi wa kwanza miongoni mwa Wayahudi, akamlipa fedha si haba. Na baada ya hayo yote akaungama kwamba hajui kama amefaidiwa na mafundisho yale, ila ajua tu kwamba hakuthubutu kufasiri neno asilolielewa kwanza. Kitabu cha Danieli kilimpa taabu nyingine, kwa kuwa sehemu yake imeandikwa kwa Kiaramu. Alipojaribu lugha hiyo aliona ugumu hata akataka kuacha. Myahudi mmoja akamtia moyo na kumwambia kwamba bidii isiyochoka hushinda kila kitu, ndipo akaanza tena. Hata hivyo hakujivuna. Alisema wazi kwamba lugha hiyo aweza kuisoma na kuielewa kuliko kuitamka. Ni waalimu wangapi kati yetu wapimao hivyo maarifa yao, wakisema hili nalijua, na hili silijui vema?

Watu waliosoma pamoja naye yafaa wakumbukwe pia. Huko Roma alikuwako mjane jina lake Marcella, ambaye nyumbani mwake walikutana wanawake kusoma Maandiko na kuomba. Huyo hakuridhika na jibu la haraka, akamwuliza Hieronymus tena na tena mpaka neno lifahamike, hata baada ya Hieronymus kuondoka watu walimwendea Marcella kwa maswali yao. Naye Paula, mama wa watoto watano, alijifunza Kiebrania katika utu uzima wake kwa sababu alitaka kuziimba Zaburi kwa lugha yake ya kwanza, akaweza kuitamka vema pasipo lafudhi ya Kilatini. Kwa hiyo asiseme mama yeyote wa usharika kwamba kusoma ni kwa wasichana wa shule tu.

Kazi ya kufasiri Agano la Kale kutoka katika Kiebrania ilichukua miaka kama kumi na mitano, nayo ilimalizika yapata mwaka 405. Lakini si wote walioshukuru, na tendo moja lilitukia huku kwetu Afrika, katika mji wa Oea, ambao leo huitwa Tripoli katika nchi ya Libya. Askofu wa huko aliamuru kitabu cha Yona kisomwe kanisani kwa fasiri mpya ya Hieronymus. Msomaji alipofika penye mmea ule uliomtilia Yona kivuli, watu wakasikia jina wasilolizoea. Fasiri ya zamani ilisema mmumunye, naye Hieronymus alikuwa ameandika jina la mmea mwingine utambaao ukutani. Ghasia kubwa ikatokea kanisani. Askofu akawauliza Wayahudi wa mji ule, nao wakajibu kwamba maandiko yao yapatana na fasiri ya zamani. Akaona hana budi kulirudisha neno la kwanza, asije akabaki bila watu. Augustinus, askofu wa Hippo, ndiye aliyemwandikia Hieronymus habari hiyo mwaka 403.

Hieronymus akamjibu kwamba mmea ule una jina lake la Kiebrania, nao una majani mapana, hukua upesi, na husimama kwa shina lake mwenyewe pasipo kuegemezwa. Kilatini hakikuwa na jina lake, kwa hiyo yeye aliwafuata wafasiri wengine wa kale. Wengi wa wataalamu wa leo hudhani kwamba ndio mbarika. Katika Biblia yetu ya Union huitwa mtango. Basi twaona kwamba watu wa Oea hawakuwa na haki kabisa, wala neno la Hieronymus halikuwa sawasawa kabisa. Tofauti yao ilikuwa hii, kwamba wale walitetea neno kwa sababu walilisikia utotoni, naye alikuwa amekwenda kuuliza. Sisi nasi tumepata kusikia manung'uniko katika sharika, wimbo unapobadilishwa neno moja au Biblia inapotolewa upya. Kupenda maneno ya utoto si dhambi. Lakini mtu asiyeweza kuuliza kwa nini limebadilishwa, huyo amezeeka, hata akiwa na miaka ishirini.

Yapata mwaka huohuo wa 403 Laeta, mkwe wa Paula, alimwomba Hieronymus shauri juu ya malezi ya binti yake mdogo, aliyeitwa Paula kwa jina la bibi yake. Hieronymus alikuwa na miaka hamsini na zaidi, na kazi nyingi mezani. Akamwandikia kwa makini jinsi ya kumfundisha mtoto kusoma. Achongewe herufi za mti au za pembe, acheze nazo na kuziita majina, azichanganye na kuzipanga, apewe zawadi ndogo akifanya vema, wala asichukizwe na masomo tangu mwanzo. Mwisho akaahidi kwamba wakimtuma mtoto Bethlehemu, yeye mwenyewe atamfundisha na kumbeba mabegani mwake ajapokuwa mzee. Mtoto huyo alifika baadaye Bethlehemu, akakaa katika nyumba ya watawa. Twaona ya kuwa mtu asiyesahau taabu yake mwenyewe ya kujifunza herufi ndiye ajuaye kumhurumia mtoto azianzaye.

Uzee wake haukuwa wa raha. Paula mkubwa alikufa mwaka 404. Mwaka 410 Wagothi waliuteka mji wa Roma, na Marcella akafa muda mfupi baadaye. Hieronymus alikuwa akianza ufafanuzi wa kitabu cha Ezekieli, akashindwa kuandika kwa huzuni. Kisha wakimbizi wakafika Bethlehemu, watu waliokuwa matajiri jana na leo wakiomba mkate, naye akaiweka kalamu chini ili awahudumie. Akaiba saa za usiku kwa kazi yake, lakini macho yake yalikuwa yamefifia. Herufi ndogo za Kiebrania hakuziona tena kwa nuru ya taa, na vitabu vya wafafanuzi wa Kiyunani alisomewa na ndugu. Hata hivyo Ezekieli alikwisha yapata mwaka 414. Mwaka 416 wakorofi wakazishambulia nyumba za watawa, wakazichoma moto, na shemasi mmoja akauawa. Hieronymus akaokoka katika mnara. Baada ya hayo akaendelea na Yeremia. Alipokufa, yapata mwaka 420, alikuwa amefika sura ya 32, na sura ishirini zilibaki. Kalamu haikukoma ila kwa mauti.

Wasomaji wetu wasidhani twamsifu bila kipimo. Ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe. Urafiki wake na Rufinus ulivunjika, akamtukana hata baada ya kufa kwake. Alijifunza kwa Wayahudi, na bado mara nyingi aliwaandika kwa maneno ya dharau yasiyowastahili waalimu wake. Tena Luther alimlaumu kwa kuwa alisifu mno kufunga na kutooa. Elimu ilimtunzia akili yake ujana, lakini haikumpa upole, kwa maana upole hutoka penginepo. Asomaye na aombe vyote viwili.

Lakini katika jambo hili moja Luther mwenyewe alimfanana. Biblia nzima ya Kijerumani ilipotoka mwaka 1534, hakusema kazi imekwisha, bali aliketi pamoja na wenzake kuisahihisha tena na tena mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1546. Husimuliwa kwamba alipofasiri sheria za sadaka katika Musa alimwendea mchinjaji, akataka achinjiwe kondoo mbele yake, apate kujua jina la kila kiungo cha ndani. Daktari wa elimu ya Mungu aliulizia kwa mwuza nyama, kwa sababu mwuza nyama alijua asilolijua daktari.

Basi, waalimu wa sharika na wazee wa kanisa, tusiogope jina la mwanafunzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko ndiko kunakowashinda wengi baada ya miaka arobaini, wala si wepesi wa akili uliopungua. Twaona haya kumwuliza kijana aliyetoka shule neno tusilolijua. Twaona haya kumwuliza bibi kizee maana ya neno la kale la lugha yetu, au jirani asiye wa dini yetu, au mvuvi habari ya nyavu zilizotajwa katika Injili. Na kwa haya hiyo twafundisha tusiyoyajua, na watoto wa kipaimara hututambua upesi kuliko tudhanivyo.

Yafaa kila mmoja achague jambo moja la kujifunza mwaka huu, hata likiwa dogo. Mmoja na aanze kitabu cha Biblia ambacho hajapata kukifundisha, kwa kuwa chamshinda. Mwingine na ajifunze kusoma noti za nyimbo. Mzee asiyejua kusoma na aombe mjukuu wake amwonyeshe herufi, mbili leo na mbili kesho. Akichoka aache, na akiisha kupumzika arudi. Kama macho yamefifia, asomewe. Hieronymus alisomewa.